Fahamu: Kwa nini sera ya tabianchi ianzie jikoni

Tanzania ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia Mei 2024, ukilenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, wengi waliuona kama mpango wa tabianchi wa kuokoa misitu. Misitu inahitaji kuokolewa kweli, lakini naamini afya ndiyo inayopaswa kutangulia. Moshi wa kuni na mkaa hubeba chembe ndogo mno zinazopenya mapafu hadi kwenye damu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, kwa magonjwa yakiwemo nimonia, kiharusi na magonjwa ya moyo. Wanaoivuta zaidi ni kina mama, na watoto walio nao jikoni.

Wapo wanaosema gesi ya mitungi, inayopendekezwa badala ya kuni na mkaa, nayo ni nishati ya kisukuku. Ni kweli, ila chembe zake ni chache sana, na tukisubiri umeme ufike kila jiko, watoto wataendelea kuumwa kifua. Pingamizi zito ni bei. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kadiri ya hela iliyopo siku hiyo; mtungi hudai fedha kwa mkupuo. Kwa hiyo kugawa mitungi bure hakutoshi, maana gesi ikiisha familia hurudi kwenye mkaa. Ruzuku ielekezwe kwenye mita za kulipia gesi kidogo kidogo, na mafanikio yapimwe kwa idadi ya kaya zinazoendelea kununua gesi na ya watoto wanaolazwa kwa nimonia.