Mvumo wa Ilimba Ugogoni

Anayemsikiliza Mgogo akipiga ilimba kwa mara ya kwanza huenda akadhani chombo kina kasoro. Nyuma ya kila sauti kuna mvumo, kama nyuki walionaswa mzingani. Kumbe mvumo huo umetafutwa kwa makusudi. Fundi hutoboa tundu kwenye sanduku la mti, kisha hulibandika utando mwembamba ambao buibui hufunikia mayai yake. Vyuma vikichezwa kwa vidole gumba, utando nao hutetema. Tena kuna vyuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Vipo viitikie tu, wenzao wakilia.

Ilimba ni marimba ya mkono, na Dodoma ndiko kwake. Nchi ni kavu, mvua ni chache, na maisha ya Wagogo yamejengwa juu ya ng'ombe, mtama na uwele. Mchungaji hukaa na mifugo kutwa nzima, na safari za miguu ni ndefu. Ilimba na zeze, lile la kibuyu na upinde, hutoshea mazingira hayo: hubebeka kwa urahisi, na sauti yake ya upole humfikia kwanza yule anayepiga. Anayepiga peke yake hurudia mzunguko mmoja wa sauti tena na tena, akibadili kidogo hapa na kidogo pale. Akili hutulia kwenye mzunguko huo, na maneno yaliyokuwa moyoni hupata pa kupitia.

Utulivu huo una asili yake ndani ya sauti zenyewe. Uzi mmoja unapotetema hautoi sauti moja, bali hutoa sauti kuu pamoja na nyingine nyembamba zilizojificha ndani yake. Mtafiti Gerhard Kubik wa Austria alionyesha kwamba Wagogo wamejenga ngazi yao ya muziki juu ya sauti hizo zilizojificha, na waimbaji hupangana kwa kuzifuata. Ndiyo maana kundi la Wagogo likiimba, sauti hazigombani. Husikika kama zimetoka kooni mwa mtu mmoja.

Si kila sauti ya Ugogoni ni ya faragha. Ngoma za muheme ni za wanawake, nao huzibana katikati ya mapaja na kuzipiga kwa viganja. Chimbuko lake ni unyago wa wasichana. Leo huvuma hata kanisani.

Aliyeufikisha mvumo huu mbali zaidi ni mwanamuziki Hukwe Zawose. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, kisha Zawose akafundisha miaka mingi katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Koo lake lilishuka hadi besi nzito na kupanda hadi sauti nyembamba kabisa, na mwaka 2002 alitoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada. Alifariki Desemba 2003.

Katika ukoo wake wanawake walizoea kuitikia nyuma ya wanaume. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa albamu yao, Maisha. Humo sauti zao ndizo zinazotangulia, na ilimba inavuma chini yake.