Kila Badiliko na Jina la Aliyelifanya

Tarehe 1 Agosti 2018 serikali ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa kumi wa Ebola nchini, kitovu chake kikiwa Mangina, katika kanda ya afya ya Mabalako karibu na Beni. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki. Wengi tunakumbuka chanjo na ndoo za maji ya klorini. Kazi ambayo haikuonekana ni ya taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, iliyosoma jenomu 744 za virusi hivyo katika maabara za Kinshasa na Katwa, na kuweka matokeo hadharani katika hazina yake kwenye tovuti ya GitHub. Hazina hiyo huendeshwa kwa Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi. Hoja yangu ni kwamba chombo hiki kinafaa zaidi mahali penye mtandao dhaifu na imani iliyojeruhiwa, na kwa hiyo vijana wa miji ya Butembo na Beni wanastahili kukijua mapema.

Git ilitungwa mwaka 2005 na Linus Torvalds, ili maelfu ya watu waweze kuandika msimbo wa mfumo wa Linux bila kuharibiana kazi. Tuseme mtaalamu amegundua kwamba sampuli iliyoandikwa kuwa ya Beni ilitoka Mabalako. Katika faili la kawaida atafuta neno moja na kuandika jingine, na kesho hakuna atakayejua. Katika Git, mstari wa zamani hubaki na alama ya kutoa, mpya huwekwa alama ya kujumlisha, kisha hufuata jina, saa na sababu. Kila hatua hupewa namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo na hatua iliyotangulia. Ukichezea ya nyuma kwa siri, namba zote za mbele hubadilika, na mwenye nakala nyingine atagundua.

Wapo watakaosema mtandao wetu hauruhusu. Ukweli ni kinyume. Hazina iliyo kwenye laptopu ni kamili, ina historia yote, na kuhifadhi badiliko hakuhitaji mtandao hata kidogo. Mtandao ukirudi, hutumwa yale tu ambayo seva haina. Wawili wakibadili mstari mmoja, Git haimpi ushindi wa kwanza wala wa mwisho; husimamisha kazi hadi binadamu aamue.

Pingamizi zito zaidi ni la siri za wagonjwa. Kilichofutwa leo bado kimo katika historia, kwa hiyo jina la mgonjwa halipaswi kuingia humo hata dakika moja. Hilo ni sharti la kujifunza kabla ya amri yoyote. Wengine huhofia kwamba GitHub ni mali ya Microsoft ya Marekani. Lakini Git ni programu huria. Chuo kinaweza kuiweka kwenye seva yake, na kila nakala iliyochukuliwa inatosha kuijenga hazina upya.

Ni kweli pia kwamba Git haijui lipi sahihi; uongo huhifadhiwa sawasawa na ukweli. Faida yake ni kwamba kosa linaweza kufuatiliwa hadi chanzo. Thamani ya rekodi za zamani ilionekana mwishoni mwa 2019, mgonjwa mmoja wa Mabalako alipougua Ebola mara ya pili. Jenomu mpya ililinganishwa na ile ya kwanza, ikabainika kwamba ugonjwa wake wa awali ulikuwa umerudi, na kwamba mnyororo wa maambukizi 91 ulianzia hapo. Bila rekodi ya zamani iliyotunzwa vizuri, jibu hilo lisingepatikana. Basi vyuo kama Université Catholique du Graben cha Butembo na Université Chrétienne Bilingue du Congo cha Beni vifundishe utunzaji wa matoleo tangu mwaka wa kwanza, kwa wanaosoma kompyuta na kwa wanaosoma tiba pia. Mahali ambapo uvumi kuhusu Ebola uliwahi kuua, watu wana haki ya kuona nani alibadili nini, na kwa nini.