SUKARI NA WASIWASI: JE, KUNA UHUSIANO?

Katika vikundi tunavyotembelea, wanachama wengi hufika mkutanoni wakiwa wamekunywa chai tu: kikombe kikubwa, vijiko vinne vya sukari, pengine na andazi moja. Kufikia saa sita mchana, mmoja atasema, "Leo moyo unanidunda, mikono inatetemeka, hata sijui ni nini." Wenzake watamwambia ni presha, au ni mawazo ya deni, au kuna mtu amemtupia jicho baya. Ni mara chache tunauliza: je, leo umekula nini?

Nini hutokea mwilini?

Sukari ya chai, soda na peremende huingia kwa damu upesi. Mwili hutoa insulini ili kuipunguza. Kwa watu wengi kazi hii huenda sawa. Lakini kwa wengine sukari hushuka kupita kiasi, mara nyingi saa mbili hadi nne baada ya kula. Hapo mwili hutoa adrenalini ili kuipandisha tena.

Adrenalini ndiyo ile inayotoka unapokutana na nyoka njiani: moyo huenda mbio, jasho jembamba hutoka, mikono hutetemeka. Sasa nyoka hayupo, lakini hofu imekuja! Ikiwa mtu tayari anafikiria karo na mkopo wa kikundi, hofu hiyo hushika mawazo hayo na kuyafanya makubwa zaidi. Tena majani ya chai yana kafeini, ambayo kwa wengine huongeza mapigo ya moyo.

Lakini tuseme ukweli. Sukari siyo chanzo cha wasiwasi wote. Haijathibitishwa kwamba sukari peke yake huleta ugonjwa wa wasiwasi, na mtu mwenye mawazo mengi naye hukimbilia vitu vitamu. Deni ni deni. Hata hivyo, tunaweza kuupunguzia mwili mzigo hata kabla deni halijalipwa.

Kiasi gani kinatosha?

Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya kuongeza, pamoja na ile ya asali na maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunazopata kwa chakula. Kwa mtu mzima hiyo ni karibu gramu 50 kwa siku, yaani vijiko 12 vya chai visivyojazwa hadi juu. Nusu yake ni bora zaidi. Anayekunywa vikombe vitatu vya vijiko vinne amemaliza kiasi chake. Akiongeza soda ya mililita 300, ameongeza karibu vijiko saba au zaidi.

Tufanye nini?

1. Usinywe chai tupu. Kula nayo viazi vitamu, nduma, githeri, yai au njugu. Chakula hiki hukaa tumboni kwa muda.
2. Punguza kijiko kimoja kila wiki. Ulimi utazoea.
3. Kwenye mkutano, sukari iwekwe kando, kila mtu ajitilie mwenyewe.
4. Kwa wiki mbili andika kwa daftari: umekula nini, saa ngapi, na moyo ulidunda lini. Utaona mwenyewe.

Tahadhari

Mwenye kisukari anayetumia dawa akianza kutetemeka na kutoka jasho, mpe soda yenye sukari au maji ya sukari mara moja, kisha mtafutie matibabu. Akiwa amezimia usimtilie kitu mdomoni, mkimbize hospitali. Anayesikia kiu sana na kukojoa mara kwa mara apimwe sukari. Maumivu ya kifua yasingojwe hata kidogo. Na wasiwasi unaokunyima usingizi na kazi kwa wiki nyingi ni ugonjwa kama malaria. Unatibiwa, wala si aibu. Mwone muuguzi.

Maswali ya kujadiliana kikundini

- Kwetu, chai imechukua nafasi ya chakula gani cha asubuhi?
- Jumba moja hutumia pesa ngapi za sukari kwa mwezi? Zingenunua mayai mangapi?
- Mwenzetu akisema moyo unamdunda, huwa tunamsaidia au tunamsengenya?