Ghala za Ciptagelar

Upande wa magharibi wa kisiwa cha Java, huko kusini ambako milima ya Halimun huteremka kuikabili Bahari ya Hindi, kipo kijiji kiitwacho Ciptagelar, kilichojengwa mlimani kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na ahali zake ni Wasunda, Waislamu kwa dini, wakulima wa mpunga kwa riziki, na washika mila kwa tabia. Aitazamaye ramani ataona kwamba mahali hapo na Dar es Salaam, ijapokuwa bahari nzima imetanda baina yao, pamekaa takriban katika mstari mmoja, digrii zipatazo 7 kusini mwa Ikweta; kwa hiyo mbingu aionayo usiku mkulima wa bonde la Rufiji ndiyo aionayo mkulima wa Ciptagelar, isipokuwa huyu wa pili huiona saa chache mapema.

Naianza habari hii kwa mbingu kwa sababu wenyewe huianza kazi yao hapo. Wazee waliopewa dhamana ya mila hukiangalia Kilimia, ambacho kwao huitwa Kerti, na baada yake zile nyota tatu zilizopangana katika kundi la Orion, ambazo wao huziita Kidang. Kerti kikichomoza kabla ya alfajiri, ni ishara ya kuzitoa zana za chuma, kuzinoa na kuzitia mipini. Kidang ikifuata, ndiyo idhini ya kuteremka nazo mashambani. Pwani yetu nayo ilikitumia Kilimia kuhesabu majira ya kulima na kupanda, na si ajabu, maadamu watu wa latitudo moja husoma kitabu kimoja. Walakini lililo muhimu kwa mtaalamu wa kilimo si kwamba nyota hujua habari za mvua, bali ni kwamba nyota huwapa watu wote tarehe moja. Hakuna wa kusema kwamba shamba lake litangulie wiki tatu au la jirani lichelewe mwezi, kwani amri hutoka kwa kiongozi, ambaye cheo chake ni cha kurithi na ambaye huitwa Abah, yaani baba, na ikishatoka huyashika mabonde yote yaliyo chini ya himaya ya mila hiyo.

Na wanapanda mara moja tu kwa mwaka. Ukiwauliza sababu, watakwambia kwamba ardhi ni mama, na mama hazai mara mbili katika mwaka mmoja. Na kwamba mpunga nao una nafsi yake, Nyi Pohaci, bibi wa mpunga katika masimulizi ya Wasunda tangu zama za kabla ya Uislamu, ambaye sharti ahishimiwe. Wako wanazuoni wasiolipenda neno hilo, na sina haja ya kuingia katika mjadala wao. Mimi hulitazama jambo hili kwa jicho la mdudu. Mpunga ukipandwa wote pamoja, ukavunwa wote pamoja, kisha majaruba yakakaa miezi kadhaa bila ya mmea mchanga wa kunyonywa, basi mdudu aliyezaliana katika msimu uliopita hukosa chakula, na kizazi chake hukatika. Panya nao, ambao huzaa kwa kufuata ukomavu wa mpunga, hupata karamu moja fupi badala ya karamu ya mwaka mzima.

Ili kuipima thamani ya jambo hilo, yafaa kuyakumbuka yaliyotokea katika sehemu nyingine za Java. Mwaka 1966 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, iliyoko Ufilipino, ilitoa mbegu iliyoitwa IR8, fupi ya shina, yenye kuitika mbolea, na baada yake zikafuata nyingine zilizokomaa upesi zaidi, hata mkulima akaweza kuvuna mara mbili, na penye maji ya kutosha mara tatu. Serikali ya Indonesia ilizieneza mbegu hizo kwa mikopo, kwa mbolea ya ruzuku, na kwa dawa za kuulia wadudu, na mara nyingine kwa shinikizo lisilokuwa na adabu nyingi. Mavuno yalipanda, hilo halikanushiki; nchi iliyokuwa ikiagiza mchele kutoka nje kwa wingi ilitangaza mwaka 1984 kwamba inajitosheleza. Lakini mashamba yasiyopumzika yalimfaa mno mdudu mmoja mdogo wa rangi ya kahawia, anyonyaye utomvu wa mpunga mpaka shamba likakauka kana kwamba limebabuliwa na moto, na dawa zilizopulizwa kumwua ziliwaua kwanza buibui na wadudu wengine waliokuwa wakimla, kwa hiyo kadiri zilivyozidi dawa ndivyo alivyozidi yeye. Mwaka 1986 Rais Suharto alipiga marufuku aina 57 za dawa hizo katika kilimo cha mpunga, na mwaka 1989 yakaanza huko mafunzo ya wakulima kukaa kando ya shamba lao wenyewe, wakahesabu wadudu wabaya na wazuri kabla ya kuamua lolote. Msomaji wa Tanzania au Kenya aliyepata kuhudhuria shamba darasa na ajue kwamba asili yake ni hiyo.

Ciptagelar haikuziingiza mbegu hizo katika mashamba yake ya mila. Wakulima wake huhifadhi aina zaidi ya mia za mpunga wa wahenga, ndefu za shina, zenye kukaa shambani miezi mitano hadi sita, na kila familia hupanda aina kadhaa kwa pamoja. Mpunga huo una sifa ambayo wageni aghalabu hawaitambui: punje zake hushikamana na suke. Mpunga wa kisasa huachia punje kwa urahisi, ndiyo maana hukatwa kwa mundu na kupurwa papo hapo shambani. Huu wa zamani hukatwa suke moja moja kwa etem, kijisu kinachofichika kiganjani, ubao wake mdogo ukiwa katikati ya vidole na makali yakitazama mbele, mkono mmoja ukivuta shina na huohuo ukikata. Masuke hufungwa miganda, na miganda huanikwa juu ya vichanja virefu vya mianzi mpaka ikauke barabara. Siku ya kuihamisha, wanaume huitundika kwenye miti ya mianzi na kuichukua mabegani, na kamba za nyuzi za mti mmoja wa jamii ya mnazi zikisuguana na mwanzi kwa uzito wa mzigo hutoa mlio wa kukoroma ambao wao huuhesabu kuwa ni ngoma.

Mzigo huo huishia katika leuit, nami naiona hiyo kuwa ndiyo moyo wa kijiji kuliko hata jaruba. Ni ghala ndogo ya mbao na mianzi, imenyanyuliwa juu ya nguzo ili unyevu wa ardhi usiifikie, imeezekwa kwa majani au kwa nyuzi nyeusi za mti uleule wa jamii ya mnazi, na mlango wake u juu, chini kidogo ya paa, hata mtu hauingii ila kwa ngazi. Mpunga huingizwa ukiwa na ganda lake na bua lake. Wajuzi wa hifadhi ya nafaka watakubaliana nami kwamba ganda la mpunga ni ngao bora dhidi ya fukusi, na kwamba miganda, kwa kuwa ina mabua, huacha nafasi ya hewa kupenya. Mchele uliokobolewa hauna kinga yoyote katika hizo. Ndipo wenyeji wanapodai kwamba mpunga wa leuit huweza kukaa miaka mingi bila kuharibika, na kila familia hujitahidi kuwa na ghala zaidi ya moja, ikila mavuno ya zamani kabla ya mapya. Mashine ya kukoboa hairuhusiwi: wanawake hutwanga katika kinu kirefu cha mti, kiasi cha matumizi ya siku chache tu. Wako watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba kazi hiyo ni nzito na inawaangukia wanawake peke yao. Ila pia yafaa kukumbuka kwamba mashine zilipoenea Java miaka ya 1970, na mundu ukachukua mahali pa kijisu, wanawake wengi wasiokuwa na ardhi walipoteza ujira waliokuwa wakiupata kwa kuvuna na kutwanga.

Sheria inayozifunga zote hizi ni kwamba mchele hauuzwi. Fedha hutafutwa kwa sukari ya mgema, ndizi, mboga, na vibarua vya mjini. Fauka ya ghala za familia, ipo ghala ya jamii iitwayo Si Jimat, ambamo kila nyumba huweka sehemu ya mavuno, na aliyepungukiwa hukopa hapo akalipa baada ya msimu. Wala wasidhaniwe kuwa ni watu waliojificha dunia: mito yao huzungusha mitambo midogo ya umeme, na wana kituo chao wenyewe cha televisheni.

Kadhia yao ngumu ni ardhi. Milima yao imo ndani ya mbuga ya taifa, ilhali wao huigawa misitu kwa sheria yao wenyewe: uko usioguswa, uko ulioachwa kama akiba ya vizazi, na uko wa kulimwa. Hukumu ya Mahakama ya Katiba ya mwaka 2013, iliyotamka kwamba msitu wa jamii za mila si msitu wa serikali, iliwapa hoja jamii za namna yao nchini kote, ijapokuwa njia ya kutoka hukumu mpaka hati ni ndefu.

Sipendekezi kwamba Java, yenye watu zaidi ya milioni 150, ilime mara moja kwa mwaka, kwani italala njaa. Ninalopendekeza ni dogo zaidi. Maafisa wetu wa kilimo hupimwa kwa magunia yaliyovunwa, na vitabu vyao havina safu nyingine. Naomba iongezwe moja: mpunga uliosalia ghalani kwa mkulima siku mvua mpya zinapoanza.