Mtoto ana mafua? Mpeleke kliniki achanjwe

Tarehe ya kliniki imefika. Mama anafungua kitabu cha mtoto na kuona kwamba leo ndiyo siku ya sindano. Lakini tangu jana mtoto anapiga chafya na pua yake inachuruzika. "Huyu ana homa, asidungwe leo," nyanya anashauri. Baba anaunga mkono. Kitabu kinarudishwa kabatini na safari inaahirishwa mpaka mtoto apone.

Uamuzi wa aina hii hufanywa kwa nia njema katika nyumba nyingi za mijini, kuanzia Kayole hadi Likoni. Hata hivyo, mara nyingi huwa si uamuzi wa sawa.

Huenda neno lenyewe ndilo linalotupotosha. Hapa Kenya tunaita "homa" kamasi na chafya za kawaida, na pia tunaita "homa" ule moto wa mwili unaomfanya mtoto alegee. Haya ni mambo mawili tofauti. Mafua madogo hayamzuii mtoto kuchanjwa. Ugonjwa mkali wenye joto jingi ndio unaoweza kumfanya daktari aseme chanjo ingoje kidogo.

Kulingana na mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni (WHO), mafua, kikohozi kidogo au kuhara kidogo, pamoja na joto la mwili lisilofika nyuzi 38.5, si sababu ya kumnyima mtoto chanjo. Mwili hukabiliana na viini vingi kila siku, na mafua hayaupunguzii uwezo wa kujifunza kinga kutokana na chanjo. Wala chanjo haiyafanyi mafua hayo kuwa mabaya zaidi.

Tena fikiria jambo hili: mtoto mdogo anaweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Mzazi anayesubiri pua ikauke kabisa atasubiri mpaka lini? Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kucheleweshwa kwa chanjo kuna hatari yake. Sindano za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zimepangwa mapema kwa sababu. Kifaduro, kwa mfano, huua zaidi watoto wa miezi michache tu. Surua, ambayo wengi huiita ukambi, huenea upesi mno: mgonjwa mmoja aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, na virusi vyake vyaweza kubaki hewani kwa muda wa saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka. Katika ploti yenye vyumba vilivyobanana, au ndani ya matatu iliyojaa, mtoto ambaye hajachanjwa hana pa kujificha.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Kichupa cha chanjo ya surua na rubella huwa na dozi za watoto kadhaa, na kikishafunguliwa dawa inayobaki hutupwa baada ya saa sita. Kwa sababu hiyo baadhi ya kliniki hutenga siku maalumu za kuitoa. Ukiikosa siku hiyo, "nitarudi kesho" inaweza kugeuka kuwa wiki nzima, kisha kazi na nauli zikaingilia kati. Chanjo hii hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18, na ile ya pili ndiyo husahauliwa zaidi.

Je, ni wakati gani inafaa kusubiri? Ikiwa mtoto ana joto jingi, anapumua kwa shida, hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea au amepatwa na degedege, mkimbize hospitalini mara moja. Huyo anahitaji matibabu kwanza. Daktari huahirisha chanjo hapo ili dalili za ugonjwa zisichanganywe na zile za sindano. Mweleze muuguzi pia ikiwa mtoto aliwahi kudhurika vibaya baada ya chanjo, au ikiwa ana ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili. Mficha maradhi kilio humfichua.

Watu wazima na wanafunzi nao wanahusika. Chanjo ya virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa kwa wasichana wa Kenya mwaka wa 2019, na sasa hulenga wa umri wa miaka 10 hadi 14. Msichana mwenye mafua siku ya chanjo hana haja ya kubaki nyumbani. Ndivyo ilivyo pia kwa chanjo ya homa ya influenza, ambayo kwa kawaida hulipiwa katika hospitali za kibinafsi, na ambayo huwafaa hasa wazee, waja wazito na wenye pumu, kisukari au ugonjwa wa moyo. Sindano hiyo haina virusi hai, kwa hivyo haiwezi kukuambukiza homa. Mkono unaweza kuuma na mwili kupata joto kidogo kwa siku moja au mbili. Kinga huchukua takriban wiki mbili kujengeka, na ndiyo maana si vizuri kuiahirisha bila sababu.

Ewe mzazi, kazi yako si kuamua nyumbani kwamba mtoto hawezi kudungwa. Kazi yako ni kumfikisha kliniki, kueleza dalili zote na kumwachia muuguzi apime na kuamua. Na ikiwa tarehe ilishapita, usione haya kwenda. Dozi alizopata mtoto hazipotei; ataendelea pale alipoachia. Katika vituo vya serikali chanjo za watoto hazilipishwi. Kitoe kile kitabu kabatini leo, uangalie tarehe.