Mafuriko Hukingwa Mteremkoni: Gesima na Ukinga wa Kesho

Mafuriko yakitajwa nchini Kenya, fikira za wengi huelekea tambarare: Budalang'i karibu na mdomo wa Mto Nzoia, uwanda wa Kano, Nyatike, Garissa na Tana River. Wadi ya Gesima, katika eneo bunge la Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira, haimo kwenye orodha hiyo, na sababu yake ni wazi. Hii ni nchi ya vilima na mabonde membamba, katika kaunti inayopanda kutoka takriban mita 1,250 hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Maji hapa hayakai, hupita. Lakini katika kupita kwake hukata barabara, huziba kalvati kwa tope, huchimba makorongo na kuondoka na udongo wa juu wa shamba pamoja na mbolea iliyonunuliwa kwa shida. Kisha huteremka hadi kwa watu wa chini, na huko ndiko hupewa jina la mafuriko. Hoja ya makala haya ni kwamba ukinga wa maana, kwa Gesima yenyewe na kwa walio chini yake, utajengwa mteremkoni kabla maji hayajafika mtoni. Na kwamba hautajengwa kamwe iwapo utaendelea kuwa mzigo wa mkulima mmoja mmoja.

Tuanze na jiografia. Milima ya Gusii hupata mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka katika sehemu kubwa ya eneo, na maji yake yote huishia Ziwa Victoria. Upande mmoja yanaingia Mto Sondu, unaozungusha mitambo ya umeme ya Sondu Miriu. Upande mwingine yanaingia Gucha, mto unaoanzia katika vilima vya Nyamira, ukapita Kisii, ukafika Migori ukiitwa Kuja, na kumwaga maji ziwani huko Nyatike. Mvua za masika ya 2024, zilizoua karibu watu 300 kote nchini, ziliufanya Mto Kuja uvunje kingo zake Nyatike na kuzitoa familia nyingi makwao. Maji yale hayakuanguka Nyatike peke yake. Sehemu kubwa ya kile kinachojaza mto huo huanguka juu, kwenye mashamba ya mahindi, migomba na majani chai, kwenye mapaa ya mabati na kwenye barabara za changarawe.

Hesabu ndogo yatosha kuonyesha ukubwa wa jambo. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Mvua ya milimita 40 ya alasiri moja, ambayo si kioja katika milima hii, humwaga lita 400,000 juu ya hekta moja. Udongo wenye afya unaweza kumeza sehemu kubwa ya maji hayo. Bati halimezi hata tone. Nyumba 100 zenye paa la mita 60 za mraba kila moja zitatema lita 240,000 katika mvua hiyo. Kilomita moja ya barabara yenye upana wa mita sita, iliyoshindiliwa vizuri, itatema karibu kiasi hichohicho. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 Nyamira na 1,266,860 Kisii, ambako msongamano unakaribia watu 960 kwa kilomita ya mraba. Kila mji mpya na kila barabara mpya ni mkondo mpya wa maji, na nguvu ya maji haipandi sawasawa na kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo huongezeka mara nne. Ndiyo maana maji yaleyale ambayo yangeloweka shamba polepole huchimba korongo yakikusanywa kwenye mtaro mmoja wa barabara.

Jibu la haraka linalosikika kila mahali ni kupanda miti, na kampeni ya kitaifa ya miti bilioni 15 kufikia 2032 imelitia nguvu. Sayansi ya ukanda wetu wenyewe inatutaka tuwe waangalifu zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, wakiongozwa na H. C. Pereira, walianza kupima maji ya bonde la Sambret huko Kericho, jirani kabisa na Nyamira, ambako sehemu ya msitu ilikatwa ili kupandwa chai. Waliogopa kwamba mto ungegeuka kuwa wa mafuriko na ukame. Maji ya ghafla yaliongezeka ardhi ilipokuwa tupu, lakini chai ilipofunika udongo, tena ikiwa imepandwa kwa kufuata kontua na kulindwa kwa mitaro, yalibaki kuwa sehemu ndogo tu ya mvua. Huko Mbeya, Tanzania, watafiti wa shirika hilo walilinganisha bonde lenye msitu na bonde linalolimwa na wakulima wadogo kwenye miteremko mikali. Udongo wa majivu ya volkano wa Mbeya ulikuwa na vinyweleo vingi kiasi kwamba hata palipolimwa, mvua nyingi ilizama ardhini. Fundisho la Kericho na Mbeya ni moja: kinachoamua mafuriko kwanza ni uso wa udongo, kama uko wazi kunywa au umezibwa, kabla ya kuuliza ni mti gani umesimama juu yake.

Fundisho hilo linaigusa Gesima moja kwa moja. Udongo mwekundu wenye kina ulioenea katika milima ya Gusii hupitisha maji vizuri ukitunzwa. Tatizo ni kwamba mahindi hupandwa wakati mvua za masika zinapoanza, shamba likiwa limelimwa na halina kifuniko. Matone hupiga chembe za udongo, hutengeneza ganda jembamba juu, na ganda hilo huziba vinyweleo. Chai iliyokomaa, migomba yenye matandazo na mistari ya mabingobingo huvunja nguvu ya tone kabla halijagusa ardhi. Matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huyatengeneza kwa kuchimba mtaro kwenye kontua na kutupa udongo upande wa juu, huufupisha mteremko na kuyapa maji muda wa kuzama. Mbinu hii ilienezwa sana Kenya kupitia mpango wa taifa wa hifadhi ya udongo ulioanza 1974 kwa msaada wa Sweden. Tumekuwa nayo kwa nusu karne. Kilichopungua ni usimamizi wake.

Mkaratusi unastahili aya yake, kwa sababu ndio uliozua mabishano makali zaidi katika mabonde ya Gusii. Watetezi wake wana hoja inayosikika vizuri: mti unaokunywa maji mengi hivyo si utapunguza mafuriko? Tatizo la hoja hiyo liko kwenye saa. Mti hunywa milimita chache kwa siku, ilhali mvua ya dhoruba huleta milimita 40 kwa saa moja au mbili. Kiu ya mkaratusi hukausha chemchemi kwa wiki na miezi; haiwezi kukamata dhoruba ya alasiri moja. Kinachoikamata ni kinamasi chenye mafunjo na nyasi nene, ambacho hutandaza maji, huyapunguza kasi na kuyaachia polepole. Kinamasi kilichochimbwa mitaro ili mikaratusi iote, au kilichochimbuliwa ili kufyatua matofali, kimepoteza kazi hiyo. Mwaka 2009, John Michuki akiwa Waziri wa Mazingira, serikali iliagiza mikaratusi iondolewe kwenye ardhi oevu na kingo za mito, na mwongozo wa Huduma ya Misitu ya Kenya wa mwaka huohuo ulishauri isipandwe mahali pa aina hiyo. Miti hiyo bado imesimama katika mabonde mengi kwa sababu rahisi: inalipa. Ni nguzo, ni mbao, ni kuni za viwanda vya chai. Agizo lisilojibu swali la kipato halina mizizi ya kushindana na mti wenye mizizi.

Pingamizi la kwanza dhidi ya haya yote ni la watu wanaotaka kitu cha kuonekana: ukuta, gabioni, tuta la kuzuia mto. Kazi hizo zina mahali pake. Gabioni chini ya daraja au kwenye kichwa cha korongo linalokaribia nyumba ni fedha zilizotumika vizuri. Lakini Budalang'i imekuwa na matuta ya kuzuia Nzoia kwa miongo mingi, na Mei 2020 mto ulipovimba uliyavunja tena na watu wakahama. Sababu moja ni tope. Udongo unaoteremka kutoka juu hutua mto unapofika tambarare na kupunguza mwendo, kitanda cha mto kikapanda, na tuta lililokuwa refu likawa fupi bila mtu kulipunguza. Bwawa dogo la umeme la Gogo kwenye Mto Kuja, lililojengwa katika miaka ya 1950, nalo limesumbuliwa na tope hilohilo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; wanaojenga ukuta chini huku ufa wa juu ukiachwa wazi watalazimika kuujenga kila baada ya miaka michache.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la ardhi. Kanuni za rasilimali za maji zinatenga kando ya mto ukanda wa mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na upana wa mto, ambao haufai kulimwa wala kujengwa. Kwenye shamba kubwa hilo ni jambo dogo. Chukua shamba la nusu ekari, yaani takriban mita za mraba 2,000, lenye ubavu wa mita 40 kando ya kijito. Ukanda wa mita sita utachukua mita za mraba 240, karibu asilimia 12 ya shamba zima. Mwenye shamba akiona maofisa wanakuja na vigingi, hofu yake si ujinga wala ukaidi. Anafanya hesabu hiyohiyo. Jibu la haki lazima liguse mfuko wake. Ukanda wa mabingobingo au nyasi nyingine zinazokatwa bila kulimwa hulisha ng'ombe wa kufugwa zizini, hushika ukingo na kuchuja tope. Pale ambapo hasara inabaki, anayefaidika chini anapaswa kuchangia. Katika bonde la juu la Mto Tana, Hazina ya Maji ya Upper Tana–Nairobi iliyozinduliwa 2015 imekusanya fedha za watumiaji wa maji walio chini na kuzipeleka kwa wakulima wa juu wanaochimba matuta na kupanda nyasi. Sondu na Kuja nazo zina watumiaji wakubwa chini yake: mitambo ya umeme, skimu za umwagiliaji na miji inayochota maji.

Pingamizi la tatu linatoka kwa wanasayansi wenyewe. Wanasema matuta, nyasi na vinamasi hupunguza mafuriko madogo na ya wastani, lakini mvua ikinyesha kwa wiki nyingi na udongo ukajaa, faida hiyo hupungua sana. Ni kweli, na haifai kufichwa. Hewa yenye joto zaidi kwa nyuzi moja ya Selsiasi hubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke, kwa hiyo dhoruba kubwa zitazidi kuwa kubwa. Hata hivyo ukweli huo hauvunji hoja. Unaonyesha mpaka wake. Hasara za kila mwaka za Gesima, yaani barabara zinazokatika, makorongo na udongo unaopotea, hutokana na mvua za kawaida, na hizo ndizo mteremko unaotunzwa unaziweza. Kwa mvua zisizo za kawaida yanahitajika mambo mengine: tahadhari za Idara ya Hali ya Hewa zinazomfikia mwananchi kwa wakati, kalvati zilizopimwa kwa mvua za miaka ijayo, na uamuzi wa kutojenga sakafuni mwa bonde. Tena, korongo lililozibwa leo ni njia moja pungufu ambayo dhoruba kubwa ya kesho itaitumia.

Inabaki barabara, na hapa lawama haimwangukii mkulima hata kidogo. Barabara ya mlimani ni mto wa kutengenezwa. Isipowekewa michirizi ya kutawanya maji kila baada ya hatua fulani, hukusanya maji ya mteremko mzima na kuyamwaga kwa nguvu katika shamba la mtu mmoja, ambaye hakuulizwa. Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya hifadhi ya udongo na maji pamoja na barabara za kaunti. Mkono unaochonga barabara na mkono unaopaswa kulinda udongo ni ya serikali moja, na mara nyingi haifanyi kazi pamoja. Maji yanayotoka barabarani yangeweza kuelekezwa kwenye mabwawa madogo, kwenye migomba au kwenye kinamasi kilichotunzwa, na gharama yake ikilipwa wakati wa ujenzi ni ndogo kuliko kutengeneza barabara ileile upya.

Ukinga wa kesho wa Gesima, basi, una sura tatu: barabara zinazotawanya maji badala ya kuyakusanya, vinamasi vilivyopimwa na kulindwa kwa makubaliano ya wenye mashamba, na malipo ya haki kwa mkulima anayeacha ukanda wa mto kwa faida ya wengine. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosubiri teknolojia mpya. Sheria ya Maji ya 2016 inatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, na sheria za fedha za umma zinataka mwananchi asikizwe kabla ya bajeti ya kaunti kupitishwa. Msomaji wa Gesima anayehudhuria kikao kijacho cha kukusanya maoni na aulize jambo moja kuhusu kila barabara inayopendekezwa: maji yake yataishia katika shamba la nani? Barabara isiyo na jibu la swali hilo isitengewe fedha.