Mirathi ya Bibi Salme na mpaka wa Mto Umba

Wavumba wa Wasini na Vanga wana jamaa zao Jasini na Moa, upande wa Tanzania, na mpaka haujawahi kuwazuia kuoana wala kuzikana. Mpaka huo waliukubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, wakauanzisha kwenye mlango wa Mto Umba. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwaka mmoja kabla, Sultani Barghash wa Unguja alipotishwa kwa mizinga ili alegee, alitumiwa pia dada yake mwenyewe, mwanamke aliyekuwa akidai urithi.

Bibi Salme alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Baba yake ni Seyyid Said, aliyetawala Omani na pwani yetu hii. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkasi kutoka Kaukasi. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, binti wa miaka 12 alihesabiwa mtu mzima akapewa fungu lake: shamba lenye nyumba, na pauni 5,429. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, kuandika, hapana. Salme akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwa wino juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Mwaka 1859 Barghash alipotaka kumpindua kaka yao, Sultani Majid, barua za njama aliziandika Salme, naye ana miaka 15.

Kisha akapendana na jirani yake wa Mji Mkongwe, Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Akashika mimba, na mwaka 1866 akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko, mwaka 1867, alibatizwa Emily na kuolewa siku hiyohiyo. Wakahamia Hamburg, na mwaka 1870 mumewe akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini.

Unguja nako ndugu zake walikuwa wakifariki mmoja baada ya mwingine, naye akadai fungu lake kwa kila maiti. Barghash, sasa ndiye Sultani, alikataa: aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Kisheria alikuwa na hoja nzito. Hata hivyo naona ugumu wa moyo kwa mtu aliyewahi kuandikiwa barua na mtoto huyu, kwa hatari ya shingo yake.

Salme hakuwa peke yake duniani kukosa mali baada ya kuolewa na mgeni. Gladys Vanderbilt, binti wa tajiri wa reli wa New York, aliolewa mwaka 1908 na László Széchenyi, mtu wa ukoo wa kikabaila wa Hungaria. Sheria ya Marekani ya 1907 ilimvua uraia mwanamke aliyeolewa na mgeni, na Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, serikali ya alikozaliwa ilimkamatia mali kama mke wa adui. Lakini yeye mlango ulimfungukia tena: mwaka 1934 alirithi The Breakers, jumba la vyumba 70 huko Newport, akaja kulikodisha kwa chama cha kuhifadhi majengo kwa dola moja kwa mwaka. Binti yake Sylvia aliendelea kuishi ghorofa ya juu.

Salme hakuwa na serikali ya kumtetea kwa dhati. Agosti 1885 meli za kivita za Bismarck, kansela wa Ujerumani, zilitia nanga mbele ya kasri la Unguja, naye akaletwa na watoto wake katika meli ya Adler. Barghash akasalimu amri, akakubali madai ya Wajerumani bara. Walipokwisha kupata walichokitaka, madai ya Salme wakayaweka kando. Alirudi tena mwaka 1888, akaondoka mikono mitupu. Alifariki Jena mwaka 1924. Waliomleta kwa meli walichukua nchi yote ya kusini mwa Umba. Na kaskazini yake, mwaka 1887, Barghash aliwapa Waingereza wa kampuni ya Mackinnon kibali cha kuendesha pwani kutoka Umba hadi Kipini, Wasini ikiwa ndani yake.